Umerifreshi Mara Kumi, Bei Bado Ile Ile

Saa tatu asubuhi simu ikaita. Alikuwa dada mmoja mwenye duka la khanga Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ambaye nilimtengenezea tovuti. Salamu zilikuwa fupi.

"Kaka, jana jioni nimepandisha doti kutoka elfu kumi na moja hadi kumi na mbili na nusu. Kijana wangu dukani bado anaona kumi na moja. Nimerifreshi mara kumi. Nimebonyeza mpaka ile Control F5 uliyonifundisha. Bei haijasogea."

Nikafungua tovuti kwenye simu yangu nikaona kumi na mbili na nusu. Nikamjibu kwamba kwangu iko sawa, neno ambalo kila fundi wa tovuti hulisema na kila mteja hulichukia. Wateja wana haki yao.

Nimeamua kulieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu huwa naulizwa kila baada ya wiki mbili, na jibu la "rifreshi tu" ni la uvivu. Ule mshale wa duara tunauchukulia kama amri: futa ya zamani, leta mpya. Ukweli ni kwamba ni ombi, tena ombi lenye madaraja. Njiani linapita mikononi mwa wenye maghala kadhaa, kila mmoja na taratibu zake, na wengine wana ruhusa kabisa ya kulipuuza.

Tuanze na madaraja. Mfikirie Mangi wa mtaani kwenu. Mangi hana bekari wala kiwanda cha sukari. Anachofanya ni kuleta mzigo karibu ili wewe usipande daladala kwenda Kariakoo kila ukitaka kilo moja. Kache ni duka la namna hiyo: nakala za kurasa na picha zimewekwa karibu na mtumiaji. Brauza yako ina ya kwake ndani ya simu. Proksi, yaani seva inayokaa kati yako na tovuti na kubeba maombi ya watu wengi, nayo ina ya kwake, na hiyo wanachangia wote wanaopita pale.

Ukimtuma mtoto akalete mkate bila maneno mengine, Mangi anatoa uliopo rafuni mradi tarehe yake haijapita. Hivyo ndivyo inavyokuwa ukiandika anwani na kubonyeza Enter, au ukigusa kiungo. Nakala ikiwa bado ndani ya muda wake, unaonyeshwa hiyo hiyo na bando lako halitikisiki.

Ukibonyeza kurifreshi kwa kawaida, mtoto anaagizwa: "Muulize Mangi ahakikishe kwa mwenye bekari kwamba huu ndio wa leo." Kwa lugha ya mashine, brauza inaongeza kwenye ombi mstari unaosema Cache-Control: max-age=0, maana yake sipokei nakala yenye umri wowote kabla haijahakikiwa. Lakini nakala iliyo nayo haijaitupa. Inapeleka pia alama yake: ama tarehe ambayo ukurasa ulibadilishwa mwisho, kwenye mstari wa If-Modified-Since, ama ile namba ya utambulisho ambayo seva iliugonga ukurasa kama muhuri, ETag, kwenye mstari wa If-None-Match. Kama hakuna kilichobadilika, seva inajibu 304 bila kutuma ukurasa wenyewe. Ni baiti chache tu, mnaelewana, mnaendelea.

Daraja la juu kabisa ni Ctrl+F5 au Ctrl+Shift+R. Hapo mtoto anaambiwa: "Sitaki wa rafuni hata kama ni wa leo." Brauza inatuma Cache-Control: no-cache, na mara nyingi Pragma: no-cache pembeni yake kwa ajili ya wazee, maana HTTP/1.0, toleo la zamani la lugha ambayo brauza na seva huongea, kama ilivyoandikwa Mei 1996 haikuwa na Cache-Control, ilikuwa na Pragma. Safari hii haiambatanishi alama yoyote. Inajifanya haijawahi kuuona ukurasa huo maishani.

Jina la no-cache limewapoteza wengi, nami nikiwemo kwa miaka. Ukiliona unadhani linamaanisha "usihifadhi". Hapana. Proksi inaruhusiwa kuhifadhi jibu lenye no-cache. Inachokatazwa ni kulitoa bila kwanza kwenda kuuliza. Linalosema usihifadhi kabisa ni no-store. Nimewahi kukuta ukurasa wa malipo umeandikwa no-cache na mtengenezaji akilala usingizi mnono, akiamini hakuna nakala ya taarifa za mteja inayobaki popote.

Sasa sehemu yenye fundo. Ombi la max-age=0 likifika kwenye proksi, kuna nakala mbili mezani: ya brauza yako na ya proksi, na si lazima zifanane. Proksi inayofuata utaratibu haitoi jibu kichwani. Inapeleka swali mbele kwa alama ya nakala yake yenyewe. Seva ikijibu 304, proksi imejua kwamba yake ni nzima, ndipo inailinganisha na yako. Zikilingana, nawe unapewa 304. Zikitofautiana, unapewa ukurasa mzima kutoka ghala la proksi, ingawa seva yenyewe haikutuma kitu zaidi ya "haijabadilika". Kwa hiyo kurifreshi mara moja kunaweza kuzaa majibu mawili tofauti kwenye vipande viwili vya safari moja. Usipolijua hilo, logi za proksi, yaani kumbukumbu zake za kila ombi, zitakutia wazimu.

Logi hizo nilijifunza kuzisoma kwenye intaneti kafe moja Sinza, kabla ya mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, kutua Dar es Salaam mwaka 2009. Tulikuwa na kompyuta kumi na mbili na dishi moja juu ya paa. Setilaiti iliyotuhudumia ilikuwa angani kilomita 35,786 juu ya ikweta, na swali lilipaswa kupanda na kushuka, kisha jibu lipande na kushuka. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hizo nne zinakula karibu nusu sekunde kabla seva haijafikiria chochote. Mteja analipia kwa dakika. Mlangoni tulikuwa na kompyuta kuukuu inayoendesha Squid, programu ya proksi iliyoanza kutolewa 1996, na ndiyo iliyotulisha.

Kwenye skrini nyeusi mistari ilikuwa ikishuka siku nzima. TCP_HIT: ipo ghalani, imetoka kwa chini ya milisekunde kumi. TCP_REFRESH_HIT: muda wake ulikwisha, tumeuliza, bado nzima. Halafu ule niliouogopa, TCP_CLIENT_REFRESH_MISS: mteja ametuma no-cache, kwa hiyo nakala nzima iliyo ghalani imewekwa pembeni na kitu kile kile kinafuatwa angani upya. Namba ya muda kwenye mstari huo ilivuka elfu mbili bila aibu. Kijana mmoja akigundua Ctrl+F5 na kuamini kwamba inaongeza spidi, kompyuta kumi na moja zilizobaki zinaanza kukohoa.

Squid ilikuwa na dawa, na nilimpa mgonjwa. Kwenye mistari ya mipangilio iitwayo refresh_pattern kuna chaguo liitwalo reload-into-ims. Ukiliwasha, no-cache ya mteja inageuzwa kimyakimya kuwa swali la "imebadilika tangu tarehe fulani?" Mteja anadhani amefuata mzigo mpya, kumbe tumeuliza tu, na ukiwa mzima tunampa wa ghalani. Lipo na kaka yake mkali zaidi, ignore-reload, ambalo haliulizi hata kidogo. Maelezo ya Squid yenyewe yanakuonya kwamba machaguo haya yanavunja kanuni za HTTP. Niliyasoma, nikaangalia bili ya dishi, nikawasha la kwanza. La pili sikuligusa, na sijutii lolote kati ya hayo mawili.

Kulikuwa pia na kisa cha Internet Explorer. Mpaka toleo la 5.5, ukiiweka nyuma ya proksi ya kificho, ile inayodaka maombi bila brauza kujua, haikuwezekana kulazimisha ukurasa mpya. Brauza iliamini inaongea na seva yenyewe moja kwa moja, ikaona hakuna haja ya kutuma no-cache. Ilituma swali la tarehe tu. Proksi nayo ikajibu kutoka ghalani. Kila upande ulikuwa na hoja, na mteja ndiye aliyeumia. Squid wakalazimika kuongeza chaguo maalumu, ie_refresh, kwa ajili ya brauza hiyo peke yake.

Ukitazama maandishi rasmi utaona mamlaka ya kile kitufe yakipungua hatua kwa hatua. Waraka wa HTTP/1.1 wa Juni 1999, RFC 2616 (RFC ndizo nyaraka zinamoandikwa kanuni za intaneti), ulikuwa mkali: ombi likiwa na no-cache, kache isithubutu kujibu kwa nakala. Ule wa 2014, RFC 7234, uliruhusu nakala itumike mradi imehakikiwa kwanza, lakini sharti likabaki sharti. RFC 9111 ya Juni 2022 imeshuka zaidi: maelekezo ya kache yanayotoka kwa mteja ni ya ushauri tu, na kache zinaweza kuyafuata lakini hazilazimiki. Uovu niliokuwa nikiufanya Sinza kwa kujificha sasa karibu ni halali.

Kwa nini walilegeza? Kwa sababu dunia ilishakuwa hivyo. Zile proksi za katikati, za kafe na za makampuni ya intaneti, ziliuawa na HTTPS. Ukurasa ukisafiri kwa siri kati ya brauza na seva, proksi ya katikati inaona bomba tu; haioni ndani, kwa hiyo haina cha kuhifadhi. Kache zikahamia upande wa pili, mbele ya seva ya mwenye tovuti, kwa idhini yake na kwa cheti chake. Hizi zinaitwa proksi za kinyume: Varnish, Nginx, na mitandao ya kusambaza maudhui kama Cloudflare na Fastly. Hizi, kwa mipangilio yake ya kawaida, Ctrl+F5 yako haiwashughulishi. Nginx haitazami no-cache ya mteja mpaka mwenyewe uiagize. Varnish ni hivyo hivyo. Apache ndiyo yenye adabu ya zamani: mod_cache yake inamsikiliza mteja usipoizuia.

Ukitaka kuona busara ya kutomsikiliza, fikiria siku ya matokeo ya kidato cha nne. Mzazi Temeke, mjomba Mwanza, shangazi Lindi na mtahiniwa mwenyewe wote wamekazana na kitufe kimoja. Kila anayebonyeza akiruhusiwa kupita ghala na kwenda kugonga mlango wa seva, seva inalala chini kabla ya saa saba mchana, na hakuna atakayeona chochote. Mtu mmoja mwenye nia mbaya na programu ndogo ya kutuma no-cache mara elfu kwa dakika angefanya kazi hiyo peke yake. Ghala linalokataa kutumwa-tumwa linawalinda wote, ukiwemo wewe unayekasirika.

Upo mtego mwingine ambao hauhusiani na kitufe lakini huwa unalaumiwa kwacho. Kama mwenye tovuti hakuandika kabisa nakala ikae muda gani, kache inaruhusiwa kukisia. Kipimo cha kawaida ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu ukurasa ubadilishwe mwisho. Squid kwenye mipangilio yake ya mwanzo hutumia asilimia 20, ila isizidi dakika 4,320, yaani siku tatu. Pigeni hesabu: orodha ya bei ambayo haijaguswa kwa siku 100 inaweza kuaminiwa siku kumi mbele na kache isiyo na ukomo huo. Ukurasa uliotulia muda mrefu ndio unaoaminiwa zaidi, na ndio utakaokuumbua siku utakapoubadilisha.

Brauza nazo zimepunguza bidii. Zamani ukirifreshi ukurasa wenye picha 80, kila picha iliulizwa "umebadilika?" na zote 80 zikajibu 304. Chrome kuanzia toleo la 54 ikaacha: inahakiki ukurasa mkuu tu, vipande vingine vinatumika vilivyo kama muda wao bado. Wahandisi wake walipoeleza mabadiliko hayo Januari 2017 walisema maombi ya uhakiki yamepungua kwa asilimia 60, na Facebook wakaripoti kurasa zao kurifreshika haraka zaidi kwa asilimia 28. Firefox walichagua njia nyingine: neno immutable, ambalo mwenye tovuti analiandika kwenye faili lisilobadilika kamwe, hata ukirifreshi lisiulizwe. Likawa RFC 8246 mwaka huo huo.

Binafsi naiona hatua ya Chrome ni ya haki kwa watu wa bando. Hizo 304 kila moja ni ndogo, lakini ni safari kamili kwenda na kurudi.

Na zipo siku ambazo nakala ya zamani ni neema tupu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika na Tanzania ikabaki inapumua kwa taabu, tovuti ambayo nakala yake ilikuwa kwenye kache iliyo karibu ilikuwa na nafasi ya kufunguka. Kuna hata maelekezo ya kazi hiyo, stale-if-error: seva isipopatikana au ikirudisha hitilafu, toa nakala iliyopitwa na muda kwa kipindi fulani. Ukiwa na ukurasa unaosomeka mkononi siku kama hiyo, Ctrl+F5 ni kuutupa mkate wa jana ili ufuate wa leo kwenye barabara iliyokatika.

Turudi Mtaa wa Kongo. Nilianza kama kila mtu, kwa kuilaumu brauza ya yule kijana. Akafungua dirisha la faragha: elfu kumi na moja. Akazima WiFi ya dukani akatumia data ya simu: elfu kumi na moja. Hapo brauza na mtandao wa duka vikatoka kwenye orodha ya washukiwa. Ikabidi nijiulize kwa nini mimi peke yangu naona bei mpya. Nikakumbuka kwamba kwenye simu nimeingia kama msimamizi wa tovuti, na niliipanga proksi iwapitishe wasimamizi moja kwa moja mpaka kwenye seva. "Kwangu iko sawa" ilikuwa kweli, na haikuwa na maana yoyote.

Nikafungua kompyuta, dirisha la faragha, nikabonyeza F12 kuona jibu linalorudi na mistari yake ya juu. Kulikuwa na mmoja umeandikwa Age: 61200. Hizo ni sekunde ambazo nakala imekaa ghalani. Ukigawa kwa 3,600 ni saa 17. Kutoka saa tatu asubuhi rudi nyuma saa 17, unafika saa kumi jioni ya jana. Dada alipandisha bei saa kumi na mbili. Nakala ilikuwa imeingia ghalani saa mbili kabla yake.

Nikabonyeza Ctrl+F5. Age: 61214. Nikasubiri kidogo, nikabonyeza tena. Age: 61231.

Hizo namba tatu ndizo ushahidi wote. Kama proksi ingelisikiliza ombi langu, Age ingerudi sifuri, au mstari wenyewe ungetoweka. Badala yake ilizidi kuzeeka, sekunde kwa sekunde, huku mimi nabonyeza. Yule kijana aliporifreshi kwa kawaida, proksi ilipokea alama ya nakala yake, ikaona inafanana na ya ghalani, ikamjibu 304 kwa niaba ya seva ambayo wala haikuulizwa. Mashine zote zilitii. Na mstari uliofuata kwenye jibu lile lile ulisema s-maxage=86400: kache ya pamoja ikae na ukurasa huu saa 24. Niliuandika mimi, mwezi Machi, nikitafuta tovuti iwe nyepesi.

Nikampigia.

"Dada, kosa ni langu. Subiri dakika moja, usibonyeze kitu."

"Sibonyezi kaka. Vidole vyenyewe vimechoka."

Kumwambia mteja wa mwisho arifreshi hakumsaidii, kwa sababu kitufe kiko upande usio na funguo. Anayeweza kuitoa nakala ghalani ni mwenye ghala, kwa agizo la kufuta anwani ile. Nikatuma agizo la kufuta ukurasa wa bei, nikafungua upya: Age: 0, kumi na mbili na nusu. Kisha nikashusha s-maxage ya ukurasa huo kuwa sekunde 300 na kuunganisha kitufe chake cha "hifadhi bei" na agizo lile la kufuta, jambo nililopaswa kulifanya siku ya kwanza. Picha za khanga nimeziacha zikae mwaka mzima, kwa sababu kila picha ikibadilika inapewa jina jipya la faili, na jina jipya hakuna ghala linalolijua.

Nilidhani tumemaliza. Akaniuliza: "Na huyu mama wa Mbagala aliyepiga picha skrini jana usiku, anataka doti ishirini kwa kumi na moja?"

Nikamwambia ukurasa aliouona ulikuwa ni wetu, na bei ilikuwa ni yetu. Akanyamaza kidogo, nikamsikia anamwambia kijana wake afunge doti ishirini, na ile tofauti ya elfu thelathini aiandike kwenye daftari, kwenye jina langu.